Kijani kiguse mlingoti: barua ya wazi kwa wakuu wa Mtwara na Lindi

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi, Makatibu Tawala, Wakurugenzi wa Halmashauri, na maafisa ununuzi walio chini yenu.

Waheshimiwa, salaam.

Tunaowaandikia ni mafundi cherehani tunaoshona bendera, matanga na maturubai, pamoja na mabaharia wanaozipandisha bendera hizo kwenye vyombo vya pwani hii. Hatuombi zabuni. Tunaandika kwa sababu bendera nyingi kwenye ofisi za kata, shule, zahanati na vituo vya mpakani, kuanzia Kilwa Masoko hadi Kilambo, zimeshonwa vibaya au zimepandishwa vibaya, na kila moja ikichanika lawama huenda kwa mlinzi au kwa mwalimu wa zamu kwamba hana uzalendo. Mlinzi hana kosa. Kosa liko kwenye oda. Oda inasema "bendera ya Taifa, 1", basi. Hakuna kipimo, hakuna aina ya kitambaa, hakuna hata neno moja kuhusu mshono. Anashinda mwenye bei ya chini, na bei hiyo ameipata kwa kupunguza kitambaa na uzi.

Bendera yetu, iliyoanza kutumika tarehe 30 Juni 1964 kwa kuunganisha rangi za Tanganyika na Zanzibar, ni ngumu kushona kuliko inavyoonekana. Bendera ya mistari iliyolala haina shida: ukijua kupiga mshono ulionyooka umemaliza. Yetu ina ukanda mweusi wenye mistari ya njano kila upande, unaotoka kona ya chini penye mlingoti hadi kona ya juu ya ukingo unaopepea. Mshazari huo ndio unaotuumbua mafundi.

Chukueni bendera ya kawaida ya ofisi, sentimita 120 kwa 180, yaani uwiano wa 2 kwa 3. Kutoka kona hadi kona ni sentimita 216 na ushee, na ukanda unapanda kwa nyuzi 34 hivi kutoka ukingo wa chini. Si nyuzi 45. Fundi asiyechora kwanza kwenye karatasi huchukua nyuzi 45 kwa mazoea ya kukata nguo. Pale chini ukanda unaanza vizuri kabisa, lakini juu unatokea kwenye ukingo sentimita 60 kabla ya kufika kona. Bendera za namna hiyo zipo, na zilipokelewa stoo zikasainiwa. Upana wa ukanda na wa mistari ya njano nao uchukuliwe kwenye mchoro rasmi wa Serikali, usikadiriwe kwa kuangalia bendera ya jirani, maana ya jirani nayo ilikadiriwa.

Halafu kuna kitambaa chenyewe. Kitambaa kilichokatwa kwa kufuata uzi hutulia. Kilichokatwa mshazari huvutika. Pembetatu ya kijani na ya bluu kila moja ina ukingo mmoja wa mshazari, tena ndio mrefu kuliko zote. Ukanda mweusi hukatwa kwa kufuata uzi wa urefu, kwa hiyo wenyewe hauvutiki. Unapounganisha kinachovutika na kisichovutika huku mguu umekandamiza pedali, meno ya cherehani yanakivuta kile kilaini na kukiacha kile kigumu. Mezani huoni kitu. Juu ya mlingoti, baada ya wiki moja ya upepo wa kusi, kijani kinalegea kando ya ukanda kama pindo la kanga iliyolowa.

Dawa yake inajulikana na haihitaji mashine mpya. Pembetatu zikishakatwa, zitundikwe usiku kucha ukingo wa mshazari ukining'inia, zivutike mapema kadiri zinavyotaka, kisha asubuhi zipimwe tena na kusawazishwa. Upigwe mstari mmoja wa uzi nusu sentimita kutoka ukingoni, wa kuushikilia tu. Wakati wa kuunganisha, pini zianzie katikati ya ukanda kuelekea kila kona, si kutoka kona moja hadi nyingine, la sivyo ziada yote itasukumwa mpaka mwisho na kujikunja konani. Mshono uwe wa kukunja mara mbili kama wa jinzi, kusiwe na ukingo mbichi upande wowote. Ni kazi ya siku mbili. Mwenye bei ya chini anaifanya kwa saa mbili.

Njia yake ya mkato ni hii: anaunganisha kijani na bluu moja kwa moja, kisha anabandika ukanda juu yake upande mmoja tu. Ukisimama mbele unaona bendera ya Taifa. Ukizunguka nyuma unaona kitambaa cha rangi mbili chenye makovu ya sindano. Wengine wanabandika pande zote mbili, na hapo katikati panakuwa na matabaka manne au matano yanayonyonya mvua na kuwa mazito. Watu husema bendera hufuata upepo. Hiyo haifuati chochote, inaning'inia kama mkeka ulioanikwa.

Neno moja kwa wanaodhani kushona vizuri kunapoteza kitambaa. Mstatili mmoja wa kijani ukikatwa kona kwa kona hutoa pembetatu mbili zinazolingana, ukiigeuza moja kichwa chini inakaa mahali pa nyingine. Wa bluu vilevile. Kwa hiyo bendera zishonwe mbilimbili na makapi hayatakuwepo. Halmashauri inayoagiza moja moja ndiyo inayolipia kitambaa kinachotupwa.

Kitambaa kiwe poliesta safi, uzito wa gramu 110 hadi 120 kwa mita ya mraba. Tetroni ya sare za shule mara nyingi huwa na pamba ndani. Inanyonya umande wa chumvi na inapauka haraka. Nailoni inapepea vizuri hata kwa upepo mdogo, ila jua la huku linaila. Uzi nao uwe wa poliesta. Tumefumua bendera ambazo kitambaa bado kizima lakini uzi wa pamba umeshaoza. Ukingo unaopepea ndio unaopigwa zaidi, kwa hiyo upindwe mara mbili na kushonwa mistari minne, na kona zake mbili ziongezewe kipande cha pembetatu kwa ndani. Kona ya juu, pale ukanda mweusi unapoishia, ndiyo hupasuka ya kwanza karibu kila mara, kwa sababu mishono yote inakutania hapo.

Ikishapasuka ndipo linapofanyika kosa ambalo bendera ya mistari iliyolala ingelivumilia: wanakata sehemu iliyochakaa na kupinda upya. Kwetu haiwezekani. Ukipunguza sentimita 5 tu kwenye ukingo unaopepea, katikati ya ukanda inashuka sentimita 3 na zaidi kutoka kona. Ukipunguza mara tatu, ukanda unatokea ubavuni. Bendera iliyochakaa hadi hapo iondolewe, isifupishwe.

Sasa kuhusu kupandisha. Kuna njia nne za kuifunga bendera yetu kwenye kamba, na tatu ni makosa. Ukishika ukingo sahihi lakini ukaupindua, kijani kinakwenda chini na ukanda unateremka ukitoka mlingotini. Ukifunga ukingo wa bluu huku kijani kikiwa juu, ukanda unateremka vilevile, na bluu ndiyo inayogusa mlingoti. Kosa la tatu ndilo linalodanganya hata wazoefu: ukingo wa bluu umefungwa na bendera imepinduliwa, ukanda unapanda kama kawaida, macho yanaridhika, kumbe bluu iko juu na kijani kiko chini. Asiwafundishe mtu kuangalia ukanda peke yake. Kanuni inatosha maneno machache: kijani kiguse mlingoti, na kiguse juu. Haya mawili yakitimia, mengine yote yamekaa mahali pake, uwe unatazama kwa mbele au kwa nyuma.

Lakini kanuni ni ya mtu anayekumbuka, na saa 12 asubuhi si kila mtu anakumbuka. Bendera zenye ringi mbili zinazofanana, moja juu na moja chini, zinakaribisha kosa. Mabaharia waliacha ringi hizo zamani. Kwenye mfuko wa turubai ulioshonwa ukingo wa mlingoti hupitishwa kamba. Juu inafungwa kijiti cha mbao ngumu, chini inaachwa mkia wenye kitanzi. Kamba ya mlingoti nayo ina kitanzi upande mmoja na kijiti upande wa pili. Kijiti hakiingii kwenye kijiti, na kitanzi hakishiki kitanzi. Hata mtoto wa darasa la tatu akiipandisha gizani hawezi kuipindua. Mfuko huo ushonwe ukingo wa kijani tu, na uandikwe JUU kwa wino usiofutika.

Mlingoti wenyewe. Urefu wa bendera uwe kama robo ya urefu wa mlingoti: mlingoti wa mita 6 unabeba bendera ya mita 1 kwa 1.5, wa mita 9 unaweza kubeba mita 1.5 kwa 2.25. Hiyo ya 120 kwa 180 inataka mita 7 hivi. Tunaona mabomba ya mita 4 yamebebeshwa bendera za uwanjani. Bendera inafagia paa la bati, na misumari ya paa inafanya iliyobaki. Kamba, ambayo sisi wa vyomboni tunaiita henza, iwe mara mbili ya urefu wa mlingoti na mita moja au mbili za ziada, unene wa milimita 6 hadi 8, ya poliesta iliyosukwa. Ile ya plastiki ya bluu ya dukani huwa unga kwa jua, inakatikia juu na inabidi mtu apande. Katani, ingawa ni zao la huku kwetu Lindi, ikilowa inafupika na ikikauka inalegea. Kapi, yaani gurudumu la juu linalopitisha kamba, liwe la shaba au chuma kisichoshika kutu. Kapi la chuma cha kawaida Mikindani au Shangani halimalizi masika mawili kabla halijagoma kuzunguka, na likigoma bendera inabaki huko juu usiku na mchana kwa sababu tu haiwezi kushuka.

Bomba la mlingoti huoza pale linapoingia kwenye zege. Juu linang'aa rangi, chini limebaki ganda. Zege iinuliwe kidogo na kutengenezwa mteremko ili maji yasisimame, na paguswe rangi kila mwaka kabla ya masika.

Kamba ilegezwe wakati wa kupandisha, kisha ikazwe. Henza iliyolegea inaiacha bendera futi moja chini ya kapi, na mpita njia anauliza nani amefariki. Bendera ya nusu mlingoti ina utaratibu wake: inapandishwa kwanza hadi juu kabisa, ndipo inateremshwa hadi nusu, jioni inapandishwa tena juu kabla ya kushushwa. Kuisimamisha katikati moja kwa moja ni uvivu.

Ishushwe jioni. Hili tunalisema kwa herufi ndogo lakini ndilo lenye fedha kuliko yote: bendera inayopepea saa 12 badala ya 24 inapigwa na upepo nusu ya muda. Wakati wa kusi, hasa mwezi wa Juni hadi wa Agosti, upepo wa pwani hauna usingizi.

Kila mlingoti uwe na bendera tatu: moja juu, moja kwenye kufuliwa, moja stoo ya sikukuu. Pwani ifuliwe kila baada ya wiki mbili kwa maji baridi yasiyo na chumvi na sabuni kidogo, kwa sababu chembe za chumvi zinavuta unyevu na kusaga nyuzi. Isikamuliwe. Isitiwe Jik. Ianikwe kivulini. Isikunjwe ikiwa mbichi, maana weusi utahamia kwenye njano na hakuna sabuni itakayourudisha. Newala na nyanda za Makonde chumvi si tatizo. Huko ni vumbi jekundu na upepo wa ukingoni mwa mlima, hivyo mkazo uwe kwenye mistari minne ya pindo. Liwale upepo ni mchache, inatosha kitambaa chepesi.

Kuhusu vyombo vya majini tutasema machache. Bendera ya chombo mahali pake ni tezi, yaani nyuma ya chombo, kwenye mti wake yenyewe. Kwenye jahazi isifungwe kwenye foromali, mti unaobeba tanga, kwa sababu wakati wa kubisha, yaani kwenda kinyume na upepo, tanga linaizoa. Boti za doria na za halmashauri zinaifunga kwenye nguzo ya turubai katikati ya chombo, ambako haionekani. Inapochorwa ubavuni, wachoraji wanatumia kiolezo kimoja pande zote mbili. Kwa desturi ya vyombo ukingo wa mlingoti huelekea omo, yaani mbele ya chombo, kwa hiyo ubavu wa kulia unataka kiolezo kilichogeuzwa, kijani kikiwa upande wa omo na juu. Bila hivyo chombo kinaonekana kinarudi nyuma.

Meli ya kigeni inayokuja Mtwara kupakia korosho au makaa ya mawe hutundika bendera yetu upande wa kulia wa mlingoti kwa heshima ya mwenyeji, na bendera ya njano tupu, inayojulikana kama Q, ya kutangaza kwamba chombo ni salama kiafya na kuomba ruhusa ya kuingia. Mara nyingi bendera hizo ndogo zinaagizwa mjini kwa haraka meli ikiwa imeshatia nanga. Tunashauri bandari iwe na kiolezo kimoja cha karatasi ambacho kila wakala atakitumia. Bendera yetu inapokosewa kwenye meli ya watu, mgeni hawezi kujua. Aibu ni ya aliyeiuza.

Mpakani, kwenye Daraja la Umoja na Kilambo, bendera yetu na ya Msumbiji ziwe na milingoti yake, urefu mmoja na ukubwa mmoja. Ya Msumbiji ina pembetatu nyekundu penye mlingoti, na ndani yake nyota ya njano, kitabu, jembe na bunduki. Si kazi ya kuchora kwa mkono mchana mmoja; inunuliwe iliyochapwa vizuri pande zote mbili.

Na kwa kuwa tumefika kwenye uchoraji: Ngao ya Taifa kwenye mageti. Mwanamume asimame kushoto kwa mtazamaji na karafuu miguuni pake, mwanamke kulia na pamba miguuni pake. Tunajua mkono wa mchoraji wa huku unaelekea kwenye korosho, na pengine korosho ilistahili, lakini haimo.

Sasa tunachoomba. Oda, iwe ya karatasi au ya kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa Serikali wa mtandaoni, iandikwe hivi: "Bendera ya Taifa, sentimita 120 kwa 180, poliesta gramu 110 hadi 120, iliyounganishwa vipande kwa mshono wa kukunja mara mbili, si kubandikwa, ukanda upite kona kwa kona, uzi wa poliesta, ukingo unaopepea mistari minne na kona kuongezewa kipande, mfuko wa turubai wenye kijiti juu na kitanzi chini, idadi 3 kwa kila mlingoti." Muuzaji atakayekuja na bei ya bendera ya kubandika atakuwa hajajibu oda.

Na kamati ya kupokea isisaini kabla ya dakika tano za kazi. Mmoja apime urefu na upana. Wawili washike, huyu kona ya chini ya kijani, yule kona ya juu inayopepea, wavute: ukanda ulale umenyooka kama uzi wa fundi mwashi, na njano ilingane pande zote mbili hadi mwisho. Igeuzwe nyuma, ionekane vilevile. Kisha kitambaa cheupe kiloweshwe maji na kusuguliwa juu ya weusi kwa nusu dakika. Kikichafuka, bendera irudishwe, kwa sababu mvua ya kwanza ya masika itafanya hivyo hivyo kwenye njano. Mwisho ihesabiwe mishono: chini ya mitatu kwa kila sentimita ni ya haraka.

Bendera iliyostaafu irudishwe stoo kwa kusaini kwenye leja, na ofisi ya mkoa iandike nani anaiteketeza, wapi na mbele ya nani. Leo hazina pa kwenda, ndiyo maana tunazikuta zimefunika magunia au zinafuta meza.

Kiolezo cha karatasi cha sentimita 120 kwa 180 na sampuli ya mfuko wenye kijiti tunaweza kuvileta ofisi yoyote itakayovihitaji, bila malipo. Atakayevipokea awe na futi kamba na kitambaa cheupe kilicholoweshwa, aanze na bendera iliyo kwenye mlingoti wake mwenyewe.

Wenu katika kazi,

Mafundi wa bendera, matanga na maturubai, pamoja na mabaharia,
Mtwara na Lindi